Faili Tisa Mkobani mwa Rehana

Faili mbili ziliingia kwenye mkoba wa Rehana, na Mwanamkasi akaziona. Alijifanya anapanga viti. Rehana akafunga zipu, akaaga haraka, akatoka kuwahi basi.

Mwanamkasi akatoa kijitabu chake na kuandika tarehe: 11 Machi 2006. Ilikuwa mara ya tano.

Kanuni ya chama ilikuwa wazi: faili ya mteja haitoki ukumbini. Aliyeiandika ni Mwanamkasi mwenyewe, miaka saba nyuma, yeye na wenzake wachache wa Afrika Mashariki walipoanzisha chama chao cha mawakili hapa Birmingham. Kila Jumamosi walikaa katika ukumbi huu wa Lozells wakiwasaidia watu wao bure: mwenye barua ya kufukuzwa nchini, aliyetolewa nyumba, aliyefichiwa pasipoti na mumewe. Siku zile foleni yote ilikuwa yake. "Tunamngoja Bi Mwanamkasi," watu walisema, hata meza nyingine zikiwa tupu.

Kisha akaja Rehana kutoka Leicester, msichana wa sauti ya chini. Mwaka haukuisha, foleni ikahamia kwake.

Lililomchoma zaidi ni lile la Bi Barwako. Kesi ya mama yule aliipokea yeye, Mwanamkasi, kwa mikono yake. Lakini siku alipopata kibali cha kukaa, Bi Barwako alikuja na sinia la sambusa, akaipita meza ya Mwanamkasi kwa salamu tu, akamkumbatia Rehana na kulia begani kwake.

Mwanamkasi hakuzionja sambusa zile.

Wiki iliyofuata Rehana alimjia mezani. "Da Mwanamkasi, ile rufaa ya mteja wako Dahir uliituma tarehe ngapi?"

"Unanihoji mimi?"

"La, dada. Nilitaka kujua tu."

"Mimi natuma rufaa tangu wewe unavaa sare za shule."

Rehana aliinamisha macho, akarudi kwenye kiti chake. Ndani ya basi la kurudi nyumbani Mwanamkasi aliendelea kumjibu moyoni, kituo baada ya kituo, na kila jibu lilikuwa kali kuliko lililotangulia.

Mwezi wa Aprili mwenyekiti wao, mzee Gurdev, alitangaza kuwa anapumzika. Mwanamkasi alikingoja kiti kile tangu siku ya kwanza. Jina lililopendekezwa likawa la Rehana.

Siku hiyohiyo aliandika barua kwa kamati. Wateja watamwaminije wakili anayeondoka na siri zao mkobani? Nani ajuaye anazipeleka wapi? Akaambatisha tarehe zote.

Kamati ilikutana Jumapili mchana. Mzee Gurdev, Kalasinga wa Kisumu aliyekuwa akizungumza Kiswahili vizuri kuliko Kipunjabi, aliketi mbele. Rehana aliweka faili mezani. Zilikuwa tisa.

"Binti, ulizichukua?"

"Nilizichukua, mzee."

"Kwa nini?"

Rehana alimtazama Mwanamkasi, kisha akatazama chini. "Kanuni nimeivunja. Nitajiuzulu leo hii. Naomba tu zisifunguliwe."

Wanakamati wakatazamana. Mwanamkasi alihisi raha ikimpanda kifuani, raha ambayo hakuwa ameipata kwa mwaka mzima.

"Asiye na la kuficha haogopi," alisema. "Zifunguliwe. Zote, hapa mbele yetu."

"Da Mwanamkasi, nakuomba."

"Usiniombe mimi. Waombe wateja uliowachezea."

Mzee Gurdev akavaa miwani. Alifungua faili ya kwanza, akasoma kimya, akarudi ukurasa wa nyuma, akasoma tena. Kisha akasoma kwa sauti barua ambayo Rehana aliiandikia mahakama ya uhamiaji:

"Tunaomba rufaa hii ipokelewe ingawa imechelewa wiki sita. Mteja wetu hana kosa. Alileta karatasi zake mapema. Ni sisi mawakili tulioshindwa kuzituma kwa wakati."

"Mmesikia?" Mwanamkasi aliruka kitini. "Kakiri kwa mkono wake! Watu wangefukuzwa nchini kwa uzembe huu. Mtu wa namna hii hafai kuwa mwenyekiti, hafai hata kuwa wakili!"

Rehana alikuwa amejifunika uso kwa viganja.

Mzee Gurdev akafungua ya pili, ya tatu, mpaka ya tisa. Rufaa zote zilikuwa zimechelewa. Zote zilitumwa na Rehana, kila moja na barua yake ya kuomba radhi, na saba zilikuwa zimeshakubaliwa. Akazifunga. Kisha akazipitia upya, safari hii akitazama majalada ya nje tu, pale linapoandikwa jina la wakili aliyekabidhiwa kesi siku ya kwanza.

Jina lilikuwa moja kwenye zote tisa. Alipomaliza alivua miwani.

"Mwanamkasi," alisema taratibu, "una wakili wa kukutetea?"