Wahandisi Kumi na Mmoja na Mashine Moja

Wahandisi kumi na mmoja walikuwa wameizunguka mashine moja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameigusa.

Ilikuwa mashine ya kuchongea vyuma, ya pekee katika karakana ya chuo kile kilicho mlimani, juu ya mji wa Tukuyu. Ikiwashwa, ilitetemeka na kupiga kelele kama nguruwe anayefungwa kamba, kisha ikajizima. Jumatatu wakaguzi wangefika. Wakiikuta katika hali ile, idara ya uhandisi isingeruhusiwa kupokea wanafunzi wapya, na Dakta Sekela, mkuu wa idara, angebaki na madarasa mapya yasiyo na mtu wa kuyakalia.

Ndiyo maana aliwaita waliosoma hapo zamani. Kwenye kundi lao la WhatsApp walikuwa mia tatu, na wote waliandika "tuko pamoja". Jumamosi ile walifika hao kumi na mmoja, na fulana mpya, na keki yenye umbo la gia, na mpiga picha.

"Tatizo hili ni la kimfumo," alisema Mhandisi Anyitike, mwenyekiti wao, mikono kaificha nyuma. "Napendekeza tuunde kamati."

"Ndogo tu," akasema Nelson, katibu wake. "Ya ufundi."

"Na ya chakula," akaongeza mwingine. Wakacheka. Sekela naye akacheka, kwa adabu.

Wakati huo aliingia mwanaume wa makamo, buti zimejaa tope, begani mfuko wa spana. Alivua kofia mlangoni.

"Habari za hapa. Naitwa Ambindwile, natokea Isongole. Namtafuta Daktari Sekela, nimekuja kwa habari ya hii idara."

"Ndiye mimi! Karibu sana, wenzako wameshafika." Sekela alimvika fulana ya wahitimu kabla hajakaa sawa. "Wewe wa mwaka gani?"

"Mimi nimechelewa sana, Daktari."

"Usijali. Kwa mvua hii, nani hajachelewa?"

Nelson alimkazia macho mgeni, kisha akapiga makofi. "Huyu namkumbuka! Bwenini alilala kitanda cha juu yangu. Alikuwa hivi hivi, mtu wa maneno machache!"

Ambindwile alifungua mdomo, lakini mtu akaiwasha mashine, ikaanza kulia. Akasahau alichotaka kusema. Alitoa bisibisi, akaigusisha ncha kwenye mwili wa mashine, mpini akauweka sikioni. Akasikiliza kwa mbele, katikati, mwisho nyuma.

"Beringi ya nyuma imekufa," akasema. "Iliyobaki ni nzima."

Akamtuma dereva wa bodaboda aliyemleta aende Makandana, kwenye duka la vipuri vya mashine za kusaga unga.

"Za unga?" Anyitike alishtuka. "Kaka, hii mashine ilitoka Ulaya!"

"Beringi haijui ilikotoka, mkuu. Inajua ukubwa wake tu."

Wahandisi wakaenda kula ndizi na nyama. Sekela alibaki akimshikia tochi. Beringi ilipoletwa, saa mbili nzima Ambindwile alifungua, akapangusa, akaigonga taratibu hadi ikakaa, akafunga. Kila nati aliyoitoa aliipanga juu ya gazeti kwa mfuatano wake, na hakuna iliyobaki mwishoni.

Mashine ilipowashwa tena, ilizunguka kama cherehani. Sekela aliweka kiganja juu yake, akahisi machozi yakimlengalenga.

Wahandisi walirudi mbio kupigwa picha. Anyitike alishika spana. Nelson alijipaka grisi kidogo shavuni.

"Huu," mwenyekiti akatangaza, "ndio mchango wa wahitimu! Na huyu ndugu yetu ni mhitimu bora wa mwaka. Mnaona tofauti ya mtu aliyepita hapa na fundi wa mtaani?"

Makofi yakapigwa. Sekela alifungua daftari la wahitimu, akampa Ambindwile kalamu.

"Andika jina lako na namba yako ya usajili."

Ambindwile alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Kisha akaingiza mkono ndani ya ile fulana na kutoa bahasha iliyokunjwa.

"Namba sina, Daktari. Niliomba kujiunga kama mwanafunzi, nikajibiwa hivi. Nimekuja kuuliza tu, huu uthibitisho unapatikana wapi?"

Sekela aliikunjua barua. Ilisema kwamba ombi limekataliwa, kwa kuwa mwombaji hana uthibitisho wowote wa uwezo wake wa kuelewa mitambo.

Chini yake kulikuwa na mhuri wa idara, na sahihi yake mwenyewe.