Mzigo wa Mwalimu Shekue

Mwalimu Shekue, aliyekuwa kipofu tangu utotoni, alinunua mtandaoni mashine kuukuu ya kuandikia nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole. Ilipofika, karani wa ofisi ya vifurushi alimdai nauli ya mzigo wa kilo kumi na mbili.

"Muuzaji aliniambia hazizidi sita," mwalimu alisema.

"Mizani ndiyo inayosema, mzee. Usipolipa, mzigo unarudi ulikotoka."

Mwalimu aliliinua boksi kwa mkono mmoja. Kwa miaka thelathini alikuwa amebeba mashine kama hiyo kwenda darasani.

"Pima tena," alisema, "na mtu mwingine asome."

Karani alisita. Mama aliyekuwa nyuma kwenye foleni alilichukua boksi, akaliweka mwenyewe juu ya mizani, akainama.

"Kilo tano na nusu!" alipaza sauti, na foleni nzima ikashangilia.

Mwalimu alilipa nauli yake halali. Kisha akafungua boksi pale pale kaunta, akatia karatasi, akaandika. Vitufe viligonga kwa nguvu. Akaichomoa karatasi, akamsogezea karani.

"Umeandika nini?" karani aliuliza.

"Soma."

Karani alifumba macho, akaweka kidole kwenye nukta ya kwanza.