Kitufe Kwenye Kumi

Yalikuwa yamebaki mapigo manane afikie solo, mpiga gitaa akapeleka kidole kwenye kitufe cha sauti cha gitaa lake akizungushe kuiongeza. Kitufe kikagoma.

Akatupa jicho chini. Kilikuwa kwenye kumi, mwisho wake.

Amplifaya yake ya zamani, ile yenye vioo vinavyowaka ndani kama balbu, haikuwa na pengine pa kuongezea sauti. Fundi wa gitaa lake alishamwambia: "Rithimu, ukisindikiza tu, piga kwenye sita, dada'ngu. Hiyo kumi iweke kwa ajili ya solo." Lakini kwa kuogopa kumezwa na ngoma za dada yake, alikifungua chote tangu wimbo wa kwanza.

Mapigo manne. Jasho lilimtelezesha vidole. Mchuma janga hula na wa kwao; akageuka nyuma.

"Da'! Sauti imeisha!"

Dada mtu, ambaye tangu utotoni hajampunguzia mtu kelele, alikitazama kile kitufe, kisha akamtazama mdogo wake.

Akalaza fimbo zake mapajani.

Ukumbi mzima ukawa kimya. Sasa mdogo mtu hakuwa na kelele hata ya kujifichia.

Akagusa waya wa kwanza wa gitaa.