Mpangilio wa Daktari

"Kazi yako ni kusoma, shemeji. Kusoma tu," Daktari alisema, akaisukuma karatasi mezani kwa ncha ya kidole, kama mtu aondoaye kokwa alilolitema.

Mke wa mdogo wake aliichukua. Naye alikuwa mhandisi katika maabara hiyohiyo ya redio, lakini Daktari alikuwa amempachika jina la Bibi Salamu, na wenzao wote walikwisha kulizoea.

Jina hilo lilitokana na kazi yake. Redio walizokuwa wakiziunda hazikuwa na masafa yake zenyewe. Zilijipenyeza katika masafa ya watu pale wenyewe waliponyamaza. Njiani kuta na vyuma viliipotosha sauti. Kwa hiyo mtambo wa kurushia ulichanganya na maneno yake ishara fupi ambazo kipokezi kilizijua tangu awali. Kwa kuona jinsi zilivyofika zimepinda, kipokezi kiliweza kuyanyoosha maneno yote. Shemeji alikuwa ametumia miaka mitatu kutafuta mahali hasa pa kuzipanga ishara hizo ndani ya mapengo yaliyoachwa na wenye masafa.

"Miaka mitatu ya kubisha hodi!" Daktari alipenda kuwaambia wageni. "Redio haiendi kuposa. Salamu zote hizo za nini?"

Siku hiyo jopo lilikuwa limekuja kuupima mpangilio wa ishara aliouleta Daktari, ili ufungwe katika magari ya wagonjwa. Ukikubaliwa, chumba cha kazi cha shemeji kingefungwa. Mpangilio wake yeye haukuwa hata kwenye ratiba, Daktari alikuwa ameuondoa kwa maneno mawili: "Hauna maana."

"Mtambo wangu bado umo stoo, kando ya wako," shemeji alisema. "Niutoe?"

"Uache hukohuko. Hata panya wameukataa."

"Haya, shemeji. Nitasoma."

Alitoka na karatasi yake. Daktari aliusubiri mlango ufungwe, kisha akawageukia wageni ukumbini na kukipapasa kipokezi chake kama mtu apapasaye farasi wa mbio.

Mwenyekiti wa jopo, mama mmoja mwenye sauti kavu, alikuwa na maswali.

"Akitokea mwingine anayerusha katika masafa hayohayo?"

"Mtambo wangu una adabu, mama. Ukimhisi mwingine, unanyamaza papo hapo, na taa yake ya kijani inageuka nyekundu."

"Na kipokezi hiki hakiwezi kufungua sauti ya mtambo mwingine?"

Daktari alichekea puani. "Kitatoa kelele tu. Ishara zikihama hata nafasi moja, hakifungui. Kinautambua mpangilio wangu peke yake, na duniani hakuna mwingine aliye nao."

"Haukaribiani na ule wa mhandisi aliyetoka sasa hivi?"

"Ule?" Alijipangusa koti, ingawa halikuwa na vumbi. "Ungekaribiana nao, ningejiuzulu leo hii, mbele yenu."

Mwenyekiti aliinamisha kichwa. Daktari akainua simu ya mezani na kupiga stoo. "Anza," alisema, akaikata bila kungoja jibu.

Kipokezi kilikoroma. Kisha sauti ya mwanamke ikatoka, safi, kila silabi mahali pake, kana kwamba kati ya ukumbi na stoo hapakuwa na ukuta hata mmoja wala rafu za chuma.

"Mpangilio huu umebuniwa na mtu mmoja," sauti ilisoma, "peke yake, bila msaada wa yeyote. Mtu huyo hakusaidiwa. Mtu huyo alidharauliwa na wasioelewa."

Daktari alifumba macho, midomo ikiyafuata maneno aliyoyaandika kwa mkono wake.

"Mnasikia?" alinong'ona. "Hata sauti yake ile ya kuchosha imepata heshima."

Wajumbe walitazamana. Mmoja alianza kupiga makofi. Mwenyekiti alisimama.

"Safi sana, Daktari. Twendeni tukauone mtambo wenyewe."

Daktari alitangulia kutoka ukumbini hadi kwenye ujia, akifunga vifungo vya koti, huku kipokezi kikiendelea kusema nyuma yao. Alipofika mlango wa stoo hakubisha. Aliusukuma kwa bega, akawapisha wageni waone.

Juu ya meza mtambo wake ulikuwa kimya, taa yake nyekundu ikiwaka bila kupepesa. Kando yake, kwenye chuma kile ambacho hata panya walikikataa, iliwaka taa ya kijani, na mbele ya chuma hicho alikuwa ameketi shemeji, kipaza sauti mkononi.

Alimtazama Daktari toka viatuni hadi usoni, bila haraka, kisha akaurudia mstari wa kwanza.

"Mpangilio huu umebuniwa na mtu mmoja, peke yake."

Na kutoka ukumbini, kipokezi cha Daktari kikaitikia, neno kwa neno, safi kabisa.