Bei ya Sanduku la Velichka

Zahari Minkov alitaja leva elfu kumi na tano kununua sanduku lenye mtungo wa vitunguu, na mwenye sanduku akakataa.

Rumyana, mkuu wa kipindi hicho cha televisheni, aligeuka kitini. "Zahari, umelewa? Lile ni la vitunguu!"

"Najua."

Walikuwa wawili tu katika kile chumba kisicho na dirisha, juu ya studio, jijini Sofia, Bulgaria. Wao peke yao ndio waliojua kila sanduku lina nini, kwa kuwa mengine yalikuwa na pesa na mengine vitu vya kuchekesha tu. Kule chini, mbele ya taa na makofi, mshiriki alilishikilia sanduku lake huku akiyafungua mengine moja moja. Kila baada ya muda simu ililia, na mtangazaji, Kamen, akamsikiliza "Mheshimiwa Benki", kisha akatangaza bei. Uza, au endelea. Watazamaji hawakumwona Mheshimiwa Benki wala hawakuisikia sauti yake, na mkataba ulimkataza Zahari kumwambia mtu yeyote kwamba ndiye.

Kazi hiyo Zahari aliipata kwa sifa zake. Mchana alijadili mikataba ya mikopo kwa niaba ya mabenki, na wenye viwanda walitoka mezani kwake hawana tena kiwanda, wakimshukuru kwa kuwaachia ufunguo wa choo.

Jioni hiyo alifika mchezo umeshaanza. Aliitazama skrini, akaweka kahawa yake chini, na hakuigusa tena.

Mshiriki alikuwa Velichka Stoeva, mstaafu kutoka Pleven, ndani ya koti kuukuu lililogeuzwa kola kuficha uchakavu. Alitaka pesa za kumtibia mumewe macho.

"Siku hizi Dimo ananitambua kwa harufu ya supu," alimwambia Kamen. "Siku nikinunua ya dukani, nimeachika."

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Na jamaa zako, mama? Hawasaidii?"

"Wana shughuli zao. Na mimi sipokei pesa ya mtu. Hii nitaishinda mwenyewe."

Zahari alinyanyua simu. "Elfu thelathini."

Rumyana akamshika mkono. "Ukivuka elfu ishirini, inakatwa kwenye malipo yako. Mkataba unasema hivyo."

"Niliuandika mimi."

"Amekuhonga?"

"Mwenye koti lile atamhonga nani?"

"Basi unamfahamu. Sema, nisimamishe mchezo arudi kwao."

"Simfahamu."

Kamen alipoitangaza bei, watu waliguna kwa mshangao. Velichka akainua kidevu na kugonga ulimi: hapana.

"Benki ikikubembeleza, ujue inaogopa," alisema. "Nimeishi na benki muda mrefu kuliko nilivyoishi na waume zangu wote wawili. Tabia yake naijua."

Makofi yakavuma.

Zahari akageuza mbinu. Alipiga tena na kutoa leva mia mbili tu, ili mwenye sanduku aanze kulitilia shaka. Hila hiyo ilikuwa imewaliza watu wenye mawakili watatu watatu.

Velichka alicheka hadi akajishika kiuno. "Mmemwona? Sasa anajifanya maskini!"

Ukumbi mzima ukasimama kumshangilia. Hata wapiga picha walicheka.

Yalibaki masanduku mawili, lake na moja la mezani, ambalo ndilo lililokuwa na leva laki moja. Shati la Zahari lilikuwa limelowa mgongoni. Alishika simu kwa mikono miwili.

"Elfu sitini. Kamen, mwambie mama akubali. Mwambie namwomba."

"Mheshimiwa Benki anaomba!" Kamen akapaza sauti, na ngoma za bendi zikarindima.

"Anaomba?" Velichka alilikumbatia sanduku kama mtu anayezuia asiibiwe. "Tangu dunia iumbwe, benki haijamwomba mtu. Basi hapa ndipo penyewe. Fungua, mwanangu!"

Kamen akafungua. Mtungo ukatoka, mrefu, ukichakarisha maganda, na watu wakacheka kwa sababu hapo ndipo pa kucheka. Velichka naye akacheka, akauvaa shingoni na kuwapungia mkono. Matangazo ya biashara yalipoanza aliketi kwenye ngazi za jukwaa, mikono mapajani, na hakuna aliyemtazama tena.

Rumyana alishusha pumzi, kisha akapiga meza kwa furaha.

"Shetani wewe! Kumbe ulijua atakataa! Umempandisha, umemshusha, hadi ukamwomba, na hatukutoa hata senti. Kesho nawaambia wakuongezee muda wa mkataba."

Simu ikatetemeka mfukoni mwa Zahari, akaipokea. Kwenye skrini, yule mama alikuwa bado ngazini, naye ana simu sikioni.

"Zahari, ni mama yako. Uliniona kwenye televisheni?"

"Sikuona, Mama. Nilikuwa kazini."

"Afadhali. Sikupata kitu, mwanangu. Lakini yule mtu wa benki alihangaika na mimi usiseme, na hakuniweza."