Ukurasa wa Mwisho wa Daftari la Mchawi

Siku ya pili tangu kaka yake apotee, Kitinda alilifungua daftari la mchezo wao wa kete na hadithi za kuigiza. Kaka ndiye aliyekuwa akisimulia, yeye akiigiza mchawi. Kila uchawi alioutaka ilimbidi aufumbue humo kwanza, maana kaka aliuandika kwa kinyume, silabi ya mwisho ikitangulia: maji yakawa jima.

Ukurasa wa mwisho hakuwahi kuugusa. Alikuwa amemnunia kaka yake.

Aliburuza kidole chini ya wino, silabi kwa silabi. Halikuwa neno la uchawi, ulikuwa ujumbe wa kaka: Kesho naenda machimboni kukuchorea ramani ya pango la kweli. Usimwambie baba.

Nje mvua ilikuwa haijakatika tangu juzi.

"Baba," aliita. "Yuko machimboni. Pangoni."

Baba aliyekuwa ameinamia simu aliinuka. "Lipi, mwanangu? La juu, au la chini linaloingia maji?"

Kitinda alirudi kwenye ukurasa. Palikuwa pamebaki neno moja, nichi, na alilisoma mara tatu akitumaini amekosea.

"La chini," alisema.

Baba alikuwa ameshachukua kamba.