Rangi Mbichi

Fundi Makame alimaliza kuandika jina la Tunu kwenye sanduku la bati, akachovya tena brashi.

"Haya mwanangu, chini niandike chuo gani?"

"Chuo kikuu cha serikali," mama yake Tunu akadakia. "Nani asiyekijua?"

Tunu alikuwa amekubaliwa na vyuo viwili, akaenda kuviona vyote. Kule chuo kikuu aliketi katika ukumbi uliojaa hadi ngazini, akasinzia, akaamka, akatoka, na hakuna aliyegeuka. Kwenye chuo kidogo cha mlimani alichelewa chakula cha mchana, akakuta meza nzima haijagusa sahani. Ati wanamsubiri yeye, mgeni.

"Kule mlimani ukikohoa tu, mkuu wa chuo keshajua," mama akaongeza.

"Kama nyumbani, mama."

Fundi akacheka. Mama hakucheka.

"Andika hicho kikubwa, fundi," Tunu alisema. "Nataka nikakohoe peke yangu."

Basi mama akawa amepata alichotaka. Fundi alipomaliza, mama aliinama juu ya sanduku, akaanza kuyapuliza yale maandishi, polepole, kama anayepoza uji wa mtoto.